Mdomo wa Mke Mwenzangu

Bibi yangu hakuwa na meno sita ya mbele, yale ya chini, na wala hakuibiwa. Yaling'olewa akiwa msichana huko kwao ziwani, kama Wajaluo wa zamani walivyofanyiana, kwa chuma, bila ganzi. Msichana aliyelia siku hiyo alichekwa mpaka anaolewa. Bibi hakulia. Akaja kuolewa huku Tarime, kwa Wakurya ambao hawana desturi hiyo, akaingia nyumbani kwa babu na pengo lake wazi kama mlango. Na kwenye pengo hilo akaweka ugoro.

Sijaona kitu na makazi yake vikipatana namna ile. Alikuwa anasaga tumbaku kavu na magadi kwenye jiwe, anaipepeta, anaijaza kwenye kopo dogo la mafuta ya kujipaka, halafu anafunga kopo kwenye pindo la khanga. Akitaka, alivuta mdomo wa chini kwa vidole viwili, akadondosha unga mahali meno yalipokuwa, akauachia mdomo ujifunge. Basi. Dunia ikawa nzuri. Akitema, mate membamba ya kahawia yalipita pengoni na kwenda moja kwa moja yalikotumwa. Nimemwona akimpiga jogoo kichwani kutoka kizingitini. Jogoo yule alikuwa na adabu kuliko majogoo wote wa Turwa, mtaa wetu.

Mimi na bibi tulikuwa wake wenza. Asiyejua atashangaa, lakini kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na kwa hiyo ni mke mwenza wa bibi, na wake wenza wana ruhusa ya kuambiana lolote. Babu alikufa kabla sijaanza shule, amelala pale migombani. Hilo halikutuzuia kumgombania.

"Ulimlisha vibaya," nilikuwa namwambia, "ndiyo maana kaenda kulala nje."

"Alikuona sura ulipozaliwa," ananijibu, "akasema heri migombani."

Na kila alipofungua lile kopo, kabla hajajihudumia mwenyewe, alininyooshea kiganja chenye unga kidogo katikati. "Onja, nyieka." Nyieka ni mke mwenza kwa Kijaluo. Jibu langu lilikuwa moja tangu nilipoanza kuongea vizuri: "Bado nina meno, nyieka." Hapo alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Utani uleule, kila siku, miaka yote. Watu wengine wana sala ya asubuhi, sisi tulikuwa na huo.

Lakini kitu kilichomfanya bibi awe bibi wa mtaa mzima kilikuwa vigelegele. Wanawake wote wanapiga vigelegele, hata mama yangu anapiga, vinatoka kama kuku aliyekanyagwa. Vya bibi vilipita pengoni vikatoka na mluzi ndani yake, vikapanda, vikakaa huko juu, na ulimi ukaendelea kuvitwanga wakati wengine wameshaishiwa pumzi. Ng'ombe akizaa, vigelegele. Vijana wakitoka kutahiriwa, vigelegele. Umeme ukirudi Turwa, mtu hakuhitaji kuangalia taa, alimsikia bibi. Nilipopangiwa sekondari ya Issenye, huko Serengeti, mbali kiasi cha kulala bweni, alinishika sikio akasema, "Siku ya mahafali yako nitakuja mwenyewe. Nitapiga mpaka nyumbu wahame kabla ya msimu wao."

Nikamwambia nyumbu hawana kosa. Lakini nilivitaka vigelegele vile. Mimi ni mchekeshaji wa darasa, yule ambaye mwalimu wa zamu anamtafuta kwanza kabla hajauliza kosa ni nini, na sikuwahi kuitwa mbele ya watu kwa jambo la heri. Nilitaka niitwe mara moja, na bibi apige.

Sasa nieleze jinsi mdomo ule ulivyooza huku tunauangalia wote.

Meno yaliyobaki yalianza kulegea. Fizi zilijivuta, meno yakawa marefu ya rangi ya chai, likaanza kutoka moja, likafuata lingine. Kwa watu wa kwingine, jino la mtu mzima likitoka lenyewe ni habari. Kwetu haikuwa habari, kwa sababu pengo la bibi lilikuwepo kabla yetu wote. "Yanawafuata ndugu zao," alisema, akalitupa jino juu ya bati. Tukacheka. Nani atashtuka kwamba mdomo unapoteza meno, wakati mdomo wenyewe uliingia ukoo ukiwa umeshapoteza sita, na ukasifiwa?

Halafu kukawa na lile jambo la dawa. Huku kwetu jino likiuma, mtu anakwambia weka ugoro, unaua wadudu. Baba anaamini hivyo. Mama anaamini hivyo, na yeye hatumii ugoro. Mimi mwenyewe nimewahi kuwekewa nikiwa darasa la tatu, nikatapika juu ya viatu vya baba, na jino likaacha kuuma, au niliacha kulitaja, sikumbuki. Kwa hiyo bibi alipoanza kuhisi kitu kinawaka chini ya ulimi, alifanya ambacho mtu yeyote wa nyumba yetu angefanya. Aliuhamisha ugoro kutoka pengoni akauweka palepale panapowaka. Pakafa ganzi. Akasema unaona, dawa. Ukiisha nguvu anaongeza.

Likizo ya Juni ya kidato cha tatu alicheka jambo fulani, nikaona ndani. Chini ya ulimi palikuwa na utando mweupe, na pembeni yake pekundu.

"Nyieka, umelamba chokaa?"

"Nimelamba ukuta wa mume wako," akasema, akafunga mdomo.

Niliporudi shuleni, matroni wa bweni alitukusanya wasichana na wavulana ukumbini kutufundisha mambo ya tumbaku, kwa sababu wavulana wawili walikamatwa wanavuta nyuma ya choo. Matroni ni muuguzi, ametokea mkoa wa mbali, anaongea polepole kama anahesabu chumvi. Aliongelea mapafu, tukapiga miayo. Mapafu ya nani? Hakuna anayeyaona. Nikanyoosha mkono, ukumbi ukajiandaa kucheka, nikauliza: "Matroni, na bibi zetu ambao hawavuti, wanaupakata tu ugoro mdomoni kama mtoto, na wao wamo?"

Walicheka. Yeye hakucheka. Akasema hao ndio wamo zaidi ya wote, maana moshi unapita lakini ugoro unakaa. Akasema unakula fizi, unalegeza meno, mdomo unanuka. Akasema mahali unapokaa panaweza kugeuka peupe au pekundu, na ukiona kidonda cha mdomoni hakijapona kwa wiki mbili, usiulize jirani, nenda hospitali, kwa sababu kinaweza kuwa saratani. Na saratani ya mdomo, akasema, ikianza mara nyingi haiumi, ndiyo maana mtu anacheka nayo.

Rafiki yangu aliniangalia akisubiri niseme kichekesho cha pili. Mimi nilikuwa nahesabu wiki tangu Juni.

Nilimwomba matroni simu nikampigia baba. Nikamweleza yote, mpaka rangi.

"Sasa wewe," baba akasema, "tumekupeleka Issenye usome, au ukajifunze kumchungulia bibi yako mdomoni?"

"Baba, siyo utani."

"Wewe lini umesema kitu siyo utani? Juzi si ulimpigia mama yako ukamwambia umeteuliwa balozi?"

Ni kweli, nilijiteua balozi. Wa China.

"Mama yangu ana mdomo ule tangu mimi sijazaliwa," akaendelea. "Ugoro alianza akiwa msichana, leo ni mzee. Ungekuwa unaua angeshakufa. Soma."

Nilisikia wakati anaongea kuwa maneno yake yanapita upande mmoja, yamebana kidogo, kama mtu mwenye pipi. Baba naye anautumia. Alijifunza kwenye kopo la mama yake. Na hapo ndipo nilipoanza kumchukia kidogo, na niliendelea. Akikubali kwamba ugoro unamla bibi, itabidi ateme wake. Ilikuwa rahisi zaidi kwake mimi niwe mwongo.

Desemba nilimkuta bibi anakunywa uji. Nyama aliacha, akasema ng'ombe wa siku hizi ni wagumu. Utando mweupe ulikuwa umepasuka ukawa kidonda chenye kingo ngumu, na harufu yake ilikuwa inafika kabla yake. Alikuwa anaongea ulimi ukiwa umeng'ang'ania upande mmoja. Bado anaweka ugoro juu yake. Bado ananinyooshea kiganja. "Onja, nyieka." Namjibu, anacheka kwa kujishika taya.

Nikaona nikingoja watu wazima, nitangoja mpaka migombani. Asubuhi moja nikaamka nimeshika shavu, nalia. Jino! Nikasema ugoro umeshindwa, nataka hospitali, na nataka mke mwenzangu anisindikize kwa sababu mama ana huruma sana. Nilimjua bibi. Yeye aling'olewa sita bila ganzi, hakuna kitu alichopenda kama kuona watoto wa siku hizi wanavyolia kwa moja. Alivaa khanga mpya. Tukapanda bodaboda, yeye katikati, akimwambia dereva njia nzima kwamba leo ataona sinema.

Daktari wa meno alikuwa kijana, si mtu wa huku, akamwamkia bibi shikamoo kwa mikono miwili. Nikapanda kwenye kiti, nikafungua mdomo. Akagonga jino moja, akagonga lingine.

"Wewe huumwi," akasema.

"Najua," nikasema, nikashuka. "Sasa zamu ya mke mwenzangu."

Bibi alinitazama. Akasema neno la Kijaluo ambalo sitaliandika, halafu akacheka, akapanda. Alikuwa mtu wa kuheshimu hila nzuri.

Daktari akamuuliza ametumia ugoro muda gani.

"Kamuulize baba yako," bibi akasema, "kama siku niliyoanza alikuwa ameshatahiriwa."

Daktari alicheka kweli. Kisha akainua ulimi wa bibi kwa kijiti na kicheko kikaondoka usoni, siyo ghafla, kiliondoka kama mtu anayetoka msibani kwa adabu. Akaingiza kidole chenye mpira, akabonyeza chini ya ulimi. Akashika shingo, chini ya taya, akakaa hapo muda mrefu akisikiliza kwa vidole. Akauliza kidonda kina muda gani. Nikasema mimi nilikiona Juni, kikiwa cheupe.

"Juni," akasema. Akaiandika kwenye kadi. Heri angenigombeza.

Alikata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa kupimwa, na majibu yaliporudi nilikuwa nimesharudi Issenye. Yalikuwa ni yale aliyoyasema matroni, saratani. Ilitakiwa apelekwe Mwanza akafanyiwe upasuaji haraka. Nyumbani wakakaa kikao. Mama ndiye aliyenisimulia, kwa simu, akinong'ona. Mjomba wa baba alisema kidonda kikiguswa na chuma kinakasirika. Mwingine akasema tuvune kwanza. Baba akasema wajaribu dawa ya kienyeji wiki chache, na wiki chache zikawa mpaka mahindi yakaingia ghalani. Bibi mwenyewe alisema nini? Mama akashusha sauti zaidi. "Alisema yeye chuma alishakutana nacho mdomoni akiwa mtoto, hakiogopi. Hawakumsikia vizuri. Siku hizi anasikika kwa shida."

Walimpeleka mvua zikiwa zinaisha. Daktari wa Mwanza alimwambia baba kwamba kingewahiwa kikiwa kidogo wangetoa kidogo. Wakatoa sehemu kubwa ya ulimi na upande wa taya. Ulimi uliobaki ulishonwa chini, haunyanyuki. Halafu ikaja mionzi, ikakausha mate yote, yale mate yaliyokuwa yanampiga jogoo. Nilipomwona likizo, uso wake ulikuwa umejikunja upande mmoja kama kitambaa kilichokamuliwa vibaya, na alikuwa amejifunga khanga kuanzia kidevuni. Nilikuwa nimeandaa vichekesho njia nzima kwenye basi. Nikamwambia, "Nyieka, sasa babu atanichagua mimi." Macho yake yalicheka. Akajibu kitu. Kilikuwa kirefu, na naapa kilikuwa kizuri, nilikijua kwa jinsi nyusi zilivyopanda. Sikuelewa hata neno. Akarudia. Sikuelewa. Akaniacha, akanipigapiga goti, kama mtu anavyompigapiga mgeni asiyejua lugha.

Oktoba ikafika mahafali.

Walikuja na gari dogo la kukodi, baba, mama na bibi, na vumbi la njia nzima. Bibi alikuwa na khanga kidevuni na kwenye pindo kuna fundo. Lile kopo. Mama akaniambia bado analijaza, au baba anamjazia. Haweki tena mdomoni, hakuna pa kuweka. Ananusa tu.

Tukakaa kwenye viti tukiwa tumepakwa mafuta. Majina yalisomwa. Kila jina likisomwa, kona fulani ya watu inalipuka, bibi wa mtu anaruka na khanga yake, ulimi unatwanga. Nilikuwa nawasikia na kuwapa maksi kichwani. Huyu hana pumzi. Huyu anakwaruza. Huyu kuku.

Likasomwa langu. Nikapanda jukwaani. Nikageuka kuangalia kona yetu, na bibi alikuwa amesimama.

Aliondoa khanga kidevuni. Akaweka kiganja juu ya mdomo, vidole vimelala vile wanavyoviweka, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Ikatoka hewa. Hewa na sauti ya chini ya koo, kama mtu anayejaribu kupuliza moto wa kuni mbichi. Akavuta tena. Hewa. Nyuma mvulana mmoja akacheka, halafu wawili. Nakijua kicheko kile, nimekizalisha mwenyewe mara nyingi, najua kinavyosambaa safu kwa safu.

Basi nikapiga mwenyewe. Nimeshika cheti mkono mmoja, mkuu wa shule pembeni, nikajipigia vigelegele mwenyewe kwenye kipaza sauti. Mtu hajipigii vigelegele, ni kama kujichumbia. Vilitoka vibaya, vya mama. Mshereheshaji akasema, "Haya, huyu hakuwaamini nyumbani kwao!" Ukumbi ukavunjika mbavu, na mimi sikuwa nimechekesha. Bibi alikaa polepole. Akajifunga khanga.

Baadaye tukala pilau kwenye kivuli cha darasa, sahani mapajani. Bibi alikuwa na chupa yake ya uji. Alifungua fundo, akafungua kopo, akachota unga kidogo akausogeza puani, akafumba macho. Kisha akageuka kwangu na kunyoosha kiganja, na unga kidogo katikati.

Hakuwa na maneno lakini maneno niliyajua. Zamu ilikuwa yangu. Nilifungua mdomo, na lile jibu, la kila siku tangu niko mdogo, likakataa. Nitamwambia nini, kwamba bado nina meno?

Kabla sijapata kitu kingine, mkono wa baba ulipita katikati yetu. Akachota unga ule kwenye kiganja cha mama yake kama mtu anayechota chumvi mezani. "Hotuba zao zimeniumiza kichwa," akasema, akavuta mdomo wa chini.

Na ulipovutika nikaona. Kwenye fizi, mahali anapoweka sikuzote, palikuwa na utando mweupe.

Bibi naye aliona. Alikuwa karibu kuliko mimi. Akaniangalia, nikamwangalia, na kati yetu wawili mwenye ulimi ni mmoja.

"Baba," nikasema, "acha mdomo hivyohivyo. Pana peupe."

Baba akacheka. "Huyu mtoto! Hata leo?" Akamgeukia mama. "Hata kwenye mahafali yake ananitania."

"Siyo utani."

"Kama ule ubalozi."

Mama akacheka kidogo, kwa kutaka amani. Bibi hakucheka. Aliweka chupa ya uji chini, akanyoosha mikono yote miwili, akamkamata baba taya, kidole gumba upande huu na vingine upande ule, kama tunavyomkamata ndama tunapotaka kumnywesha dawa. Mwanamume mzima, mwenye boma na ng'ombe, amevaa koti, mbele ya wazazi wenzake. Bibi akabonyeza. Mdomo wa baba ukaanza kufunguka. Watu wa sahani za jirani wakageuka.

Niliona aibu ikimpanda baba kutoka shingoni. Akaishika mikono ya mama yake, akaitoa usoni taratibu, kwa heshima kabisa, akairudisha mapajani mwake na kuifunika kwa khanga. Akafunga mdomo. Ugoro ukiwa ndani.

"Kuleni," akasema, kwa upande mmoja wa mdomo. "Chakula kinapoa."